Aliye Chini Hula Mwisho: Habari za Cheo Kati ya Mifugo



Katika nyumba nyingi za upande wetu huu, kuku akichinjwa, firigisi yake ina mwenyewe. Mtoto hathubutu kuigusa. Hupelekwa kwa baba mwenye nyumba, au kwa mgeni wa heshima. Hakuna aliyeandika sheria hiyo ukutani, wala hapigwi mtu kila siku ili aikumbuke. Kila mmoja anajua mahali pake, na chakula huliwa kwa amani.

Lakini ni wachache waliopata kufikiri kwamba kuku yule mwenyewe, alipokuwa hai uani, naye alikuwa na mahali pake kati ya wenzake. Palikuwa na kuku aliyemdonoa, naye akanyamaza. Palikuwa na mwingine aliyedonolewa na yeye, naye pia akanyamaza. Kuku wana cheo, ng'ombe wana cheo, mbuzi na nguruwe wana cheo. Jambo hili si la kuchekesha tu, maana linahusu mfuko wako, ndugu mkulima. Mnyama wa cheo cha chini hula mwisho. Anayekula mwisho hula mabaki. Na mabaki hayaleti maziwa wala mayai.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya hapo nalisomea ualimu, na labda ndiyo sababu watu wa ukoo wetu hudhani kwamba najua kila kitu. Kazi yangu ni daftari. Mkulima huja mezani, hueleza shida yake, nami huandika na kumpelekea Bwana Mifugo. Katika miaka yangu ya kazi nimeandika mara nyingi maneno haya: "Ng'ombe niliyenunua ni mbovu. Hali, amekonda, maziwa yamepungua."

Siku moja aliyeyasema maneno hayo alikuwa shangazi yangu. Alikuwa ameuza maksai wawili, akaongeza akiba yake ya chama cha akina mama, akanunua mtamba mwenye mimba, chotara wa Friesian, kutoka mashamba ya upande wa Kitale. Nyumbani alikuwa na ng'ombe wengine wawili wa zamani, wenye pembe. Wote watatu waliwekwa katika banda moja nililosaidia kulijenga mimi mwenyewe, lenye kihori kimoja, urefu wake kama mlango wa nyumba.

Mtamba alizaa salama. Wiki za kwanza alitoa lita 9 kwa siku. Kisha zikawa 7, kisha 6, kisha 5. Mbavu zikaanza kuhesabika. Ada ya binti wa shangazi, aliyekuwa kidato cha tatu, ilitegemea maziwa yale.

Shangazi akaniuliza nifanye nini mwanangu? Nami, bila kusimama bandani hata dakika tano, nikamjibu, "Shangazi, umeuziwa mgonjwa. Muuze kabla hajaanguka." Nikamtafutia mchinjaji kwa simu yangu mwenyewe. Mchinjaji akaja, akamtazama ng'ombe, akataja bei isiyofika nusu ya ile aliyonunuliwa. Wakapatana aje kumchukua siku ya soko.

Siku mbili kabla ya soko, Bwana Mifugo alipita kwa shughuli nyingine. Alimpima joto ng'ombe yule, akatazama macho, akapapasa tezi za shingoni, akatafuta kupe masikioni, akachungulia kinyesi. Hakuona ugonjwa. Sisi tukangoja atoe sindano. Badala yake aligeuza debe, akaketi juu yake, akasema tuweke majani kihorini kama tulivyozoea. Kisha akatazama tu, karibu nusu saa.

Ng'ombe mkubwa aliingiza kichwa kwanza. Wa pili akasimama kando yake. Mtamba alikuja mara tatu. Yule mkubwa hakumpiga hata mara moja. Aligeuza kichwa tu na kushusha pembe kidogo, na mtamba akarudi nyuma. Wale wawili walipoondoka, kihorini palibaki vijiti vigumu.

Ndipo Bwana Mifugo akaomba majani mabichi ya nepia yaliyokatwa, mtamba akafungwa peke yake nyuma ya nyumba. Alikula yote, akalamba hata chombo. Bwana Mifugo akanitazama mimi, si shangazi, akasema, "Huyu si mgonjwa. Huyu ana njaa."

Jioni ile ile tulipasua pipa, tukaweka nusu yake upande wa pili wa banda, tukasimamisha nguzo kati ya vihori viwili. Unga wa ng'ombe wa maziwa akapewa peke yake, amefungwa, wakati wa kukamuliwa. Mchinjaji aliambiwa asije. Baada ya wiki tatu mtamba alirudia lita 8, na binti hakurudishwa nyumbani kwa ada muhula ule. Tangu siku hiyo, mkulima akileta malalamiko kama yale, kabla ya kuandika namwuliza kwanza, "Umemtazama wakati wa kula?"

CHEO HIKI NI NINI?

Aliyelieleza jambo hili mbele ya wataalamu alikuwa mtu wa Norway, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe. Tangu utoto alipenda kukaa na kuku, akiwatazama na kuandika nani kamdonoa nani. Mwaka 1922 alichapisha maandishi yake. Alionyesha kwamba kuku hawadonoani ovyo. Kuku wa kwanza aweza kuwadonoa wote, na hakuna amdonoaye. Wa pili huwadonoa wote ila wa kwanza. Hivyo hivyo hushuka mpaka wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mmoja naye hana wa kumdonoa. Mara nyingine aliona pia mviringo: wa kwanza amshinda wa pili, wa pili amshinda wa tatu, lakini wa tatu amshinda wa kwanza.

Je, cheo kina faida gani? Faida yake ni amani. Wanyama wageni wakikutana hupigana, na kupigana kuna majeraha na hasara ya nguvu. Lakini wakiisha kujuana nani ni nani, hawana haja ya kupigana kila siku. Kutazamana tu kwatosha. Kwa hiyo ukiona kundi limetulia, usidhani kwamba ndani yake hakuna mkubwa na mdogo. Limetulia kwa sababu wote wamekwisha kujuana.

Watu wa Kakamega wanaoshindanisha mafahali wanalifahamu hili vizuri. Mafahali hupimana kwanza, hukwaruza ardhi, hutazamana kwa ubavu ili kila mmoja auone ukubwa wa mwenzake. Wakipigana, mmoja huchoka, hugeuka na kukimbia, na shauri limekwisha.

PORINI NAKO NI HIVYO HIVYO

Nyani wanaoteremka kutoka msitu wa Mlima Elgon kuiba mahindi yetu nao wana wakubwa wao. Nyani wa Kenya wamechunguzwa sana, hasa kule Amboseli, ambako wamefuatwa tangu mwaka 1971, kila mmoja akijulikana kwa sura yake. Imeonekana kwamba binti hurithi cheo cha mama yake. Dume hana urithi huo. Hupata cheo kwa nguvu na hukipoteza anapozeeka. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, ilionekana kwamba dume aliye juu kabisa ana mashaka mengi mwilini kuliko yule wa pili wake, kwa sababu hana raha: kila siku lazima alinde kiti. Basi hata ukubwa una gharama yake.

Na fisi wa madoadoa je? Kule Masai Mara wamechunguzwa miaka mingi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State wako huko tangu mwaka 1988. Kwa fisi hawa, jike ndiye mkubwa, na dume mgeni aliyehamia katika kundi humpisha hata mtoto wa jike. Mtoto hukaa chini ya mama yake tu katika cheo. Mzoga ukipatikana, wenye cheo hushiba kwanza.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya porini na bandani. Porini, mnyama mnyonge akifukuzwa aweza kuhama, akatafuta mti mwingine au bonde jingine. Bandani kwako hana pa kwenda. Wewe ndiwe uliyemfungia pamoja na wale wanaomfukuza. Kwa hiyo kumlisha ni juu yako.

KUKU

Vifaranga huanza kupimana nguvu wakiwa na wiki chache tu, na kabla ya kufika miezi mitatu kila mmoja amekwisha kujua mahali pake. Majogoo wana cheo chao, na majike wana chao.

Kuku hujuana kwa kichwa, hasa kwa undu. Ndiyo sababu kuku aliyeugua, undu wake ukafifia, hushushwa na wenzake mara moja. Na kuku aliyetengwa kwa wiki kadhaa, akirudishwa, huenda akapokewa kama mgeni. Kinyume chake, kuku mwenye vifaranga huwa mkali hata kwa wale waliokuwa wakimdonoa jana.

Mkulima akimwaga mahindi mahali pamoja, kuku watatu au wanne hushiba, nao wa chini huzunguka pembeni. Nafaka hiyo hiyo ukiitawanya mahali papana, kila mmoja hupata. Ukitumia vyombo, weka vyombo viwili au vitatu vilivyo mbali mbali, na kila kuku mkubwa apate kama sentimita 10 za ukingo wa chombo. Maji nayo yawe mahali pawili. Viota navyo visiwe vichache: kuku 5 kwa kiota kimoja ni hesabu nzuri. Kuku mnyonge akikosa kiota hutaga majanini, nawe husema hatagi.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili. Kudonoa kwa cheo ni pigo moja la haraka, kichwani au shingoni, na mdogo akikimbia yamekwisha. Lakini ukiona kuku wanang'oana manyoya mgongoni au karibu na mkia, na damu inatoka, hiyo si cheo tena. Hiyo ni tabia mbaya iletwayo na msongamano, mwanga mkali, joto, kukaa bila kazi, au upungufu katika chakula. Mtenge upesi aliyejeruhiwa, maana kuku wakiona damu hawaachi. Kisha wapunguze bandani, na waningʼinizie majani mabichi wayachezee.

NG'OMBE

Kwa ng'ombe, cheo hutegemea umri, uzito, pembe, na muda ambao ng'ombe amekaa katika kundi. Mwenye pembe humshinda asiye na pembe, hata akiwa mdogo wa mwili. Mtamba aliyenunuliwa jana, mchanga na mgeni, mara nyingi huanzia chini kabisa. Na huyo ndiye uliyemtolea fedha nyingi.

Usidanganyike na yule anayetangulia njiani. Ng'ombe anayeongoza wenzake kwenda malishoni au mtoni si lazima awe ndiye mkubwa wao. Mkubwa hasa hujulikana penye kitu kichache: kihorini, penye maji, penye chumvi ya kulamba, na penye kivuli wakati wa jua kali.

Ng'ombe wa chini hupata hasara kwa njia nyingi. Hula haraka haraka, hula wakati wengine wamelala, hula vijiti vilivyobaki. Hunywa maji kidogo, na karibu sehemu 9 katika kila 10 za maziwa ni maji. Tena hukosa mahali pakavu pa kulala, husimama matopeni saa nyingi, na mwishowe kwato huharibika, akachechemea.

Ng'ombe wageni wakichanganywa, ugomvi mkubwa huwa katika siku mbili za kwanza, kisha hupungua. Maziwa huweza kushuka siku hizo. Kwa hiyo mkulima anayenunua na kuuza na kuhamisha ng'ombe kila mwezi, hata kama anawalisha vizuri, kila mara analivunja kundi na kulianza upya.

NGURUWE NA MBUZI

Watoto wa nguruwe huanza mapema kuliko wote. Katika siku chache za kwanza hugombania chuchu za mama, kisha kila mmoja hushika chuchu yake na hairuhusu kwa mwingine mpaka waachishwe. Chuchu za mbele kwa kawaida zina maziwa mengi zaidi. Kwa hiyo ukitaka kumhamishia mtoto kwa mama mwingine, fanya hivyo katika siku ya kwanza au ya pili, baada ya kunyonya maziwa ya kwanza ya mama yake. Ukichelewa, atakuta kila chuchu ina mwenyewe. Nguruwe wakubwa wakichanganywa hupigana vikali kwa siku moja au mbili. Wape nafasi ya kukimbilia na majani makavu mengi.

Mbuzi nao ni wagomvi sana penye kihori. Mwenye pembe na asiye na pembe wasifungiwe mahali pamoja penye nafasi ndogo.

MAMBO YA KUFANYA

Wengine huniuliza, "Je, nikimchinja yule mkubwa mchokozi, taabu haitakwisha?" Haitakwisha. Wa pili atapanda mahali pake, na wa mwisho atabaki wa mwisho. Wengine humpiga mkubwa kwa fimbo. Huyo atakuogopa wewe, lakini ukigeuka tu atamfukuza mdogo kama jana. Cheo huwezi kukifuta. Unaloweza ni kuhakikisha kwamba hata wa mwisho anashiba. Njia ni hizi:

1. Pima kihori. Kila ng'ombe apate sentimita 60 hadi 75, na mwenye pembe apewe zaidi. Kila mbuzi mkubwa apate kama sentimita 40. Simamisha nguzo au fito ili kila kichwa kiwe na dirisha lake.

2. Gawa chakula mahali pawili au zaidi. Mkubwa mmoja hawezi kulinda vihori viwili vilivyo mbali mbali. Fanya vivyo hivyo kwa maji.

3. Kihori kisikauke kabisa. Ukikuta kimelambwa kikang'aa kila asubuhi, ujue wa mwisho hakushiba. Mabaki kidogo ni dalili njema.

4. Unga na chakula cha thamani mpe kila ng'ombe peke yake, amefungwa, hasa wakati wa kukamua.

5. Mnyama mgeni mtenge kwanza wiki mbili, usije ukaingiza ugonjwa, kama vile mdondo kwa kuku. Kisha waache waonane kwa siku chache kupitia wavu au fito kabla ya kuwachanganya. Ni heri wageni waingie wawili au watatu pamoja kuliko mmoja peke yake. Kuku waingize jioni, na ng'ombe waingize mahali penye nafasi kubwa, wakiwa wameshiba.

6. Banda lisiwe na kona ambayo mnyama mnyonge aweza kubanwa akakosa pa kutokea.

7. Ndama wa kufugwa bandani waunguzwe vichipukizi vya pembe wakiwa wachanga, kabla ya kutimiza miezi miwili. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefundishwa, kwa dawa ya ganzi.

8. Mnyama akikonda, fanya kwanza jaribio la Bwana Mifugo: mfunge peke yake, umpe chakula kizuri na maji. Akila kwa pupa, huenda shida yake ni nafasi, si ugonjwa. Lakini akikataa kula, au akiwa na joto, kikohozi, kuhara, au tezi zilizovimba, usipoteze muda kupima vihori. Ndigana haingoji. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ndugu mkulima, kazi hii haihitaji mkopo wala dawa ya dukani. Yahitaji debe la kukalia na nusu saa ya kunyamaza. Kesho asubuhi weka chakula kama kawaida, kisha usiondoke. Tazama nani anakuja kwanza, nani anarudi nyuma, na nani anangoja. Andika majina yao kwenye karatasi, kutoka wa juu mpaka wa chini. Kisha nenda kwa yule uliyemwandika mwisho, umpapase mbavu. Ukiona zinahesabika, usimwite mchinjaji kabla hujampa kihori chake.